Shukrani Ngumu za Mwinjilisti

Mwinjilisti wetu alihubiri Krismasi akiwa na damu kwenye kucha. Asubuhi ya sikukuu, kabla kengele haijagongwa, alikuwa ameshachinja beberu wa kanisa kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine kuimaliza kazi ile bila kumtesa mnyama. Halafu alinawa kwenye karai, akavaa koti lake jeusi, akaingia kanisani kutusomea habari za mtoto aliyelazwa horini. Alipoinua mikono kutubariki, sisi wanakwaya tuliokaa mbele tuliona wekundu umebaki pembeni mwa kucha.

Mwaka nilioolewa huko, bondeni chini ya mlima wa Sekenke, jambo hilo lilinishtua. Nilitoka katika nyumba ambayo Krismasi ilikuwa nguo mpya na chai ya maziwa. Nilimwambia mume wangu kwamba mhubiri wao ananuka machinjio. Maneno yalimfikia Mwinjilisti, sijui kwa njia gani, na Jumapili iliyofuata alinisimamisha mlangoni.

"Wewe ndiye bibi harusi uliyechukizwa na damu?"

"Hapana, baba. Nilisema tu."

"Yule mama alijifungulia zizini, mwanangu. Ulidhani palikuwa pasafi?"

Wanawake waliokuwa nyuma yangu walicheka. Wengi wao walikuwa wamejifungulia mahali pasipokuwa pasafi.

Alikuwa mtu mkubwa, mabega kama ya ng'ombe wa kulimia, na upande wa kushoto hakuwa na sikio. Liling'atwa ujanani, alipokuwa akichimba dhahabu kule juu, katika ugomvi wa kilabuni. Yeye naye alimvunja mwenzake taya. Hakuificha habari hiyo. Aliwasimulia hata vijana wa kipaimara.

"Mimi nilipoteza sikio, yeye alikunywa uji kwa mrija mpaka nikamhurumia. Nani alishinda?"

"Wewe, Mwinjilisti!"

Basi hapo alikasirika, akawafukuza wote waende kuchota maji ya kanisa.

Alisali macho wazi. Wazee wa kanisa walimlalamikia kwamba anawafundisha watoto vibaya. Aliwajibu kwamba aliwahi kufumba macho mgodini akapigwa chepe, na kwamba Mungu hajamwambia popote kuwa anachukia kutazamwa. Hakumpiga mke wake hata mara moja. Mama Mwinjilisti mwenyewe alituambia, na mwanamke yule hakuwa na tabia ya kumpamba mtu. Mume wake alipokasirika alikwenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Sisi majirani tuliijua hasira ya nyumba ile kwa wingi wa kuni zilizopangwa ukutani, na wiki nyingine tulikwenda kuomba mzigo bila aibu.

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka vijiji vya mbali ni shukrani za Krismasi. Baada ya mahubiri, kila nyumba ilitoa mtu wa kusimama na kumshukuru Mungu mbele ya wote. Makanisa mengine pia yalifanya hivyo. Kwetu ilikuwa ngumu kwa sababu Mwinjilisti hakupokea shukrani za jumla. Mtu akisimama na kusema, "Namshukuru Mungu kwa mema yote aliyonitendea," alikatizwa papo hapo.

"Mema gani?"

"Yote, Mwinjilisti."

"Mungu ana watu wengi. Atajuaje kwamba ni wewe unayesema? Kaa, ufikiri, usimame tena."

Kwa hiyo watu walifikiri. Wiki nzima kabla ya sikukuu, mashambani na kisimani, ungesikia wanawake wakiulizana, "Wewe mwaka huu utasema nini?" Tulijikuta tukiutazama mwaka wetu kwa makini, tukitafuta humo kitu kimoja cha kweli. Kuna mzee alimshukuru Mungu kwamba fisi alibeba mbuzi wa jirani akamwacha wa kwake. Watu waliguna, jirani mwenyewe akiwamo. Mwinjilisti alitikisa kichwa polepole, akasema, "Ni shukrani mbaya lakini ni ya kweli. Nimeipokea."

Mama yake mzazi, bibi kipofu aliyeishi katika kibanda cha nyasi ndani ya boma lake, hakuwa amebatizwa. Alikataa. Alisema ameshalizoea jina lake na hana nguvu za kuitikia jingine. Hata hivyo kila Krismasi mwanawe alimbeba mgongoni mpaka mlango wa kanisa, akamkalisha kwenye ngozi, na zamu yake ilipofika bibi alisema neno lile lile: "Nashukuru tumbaku." Mwinjilisti, aliyehubiri kwa ukali dhidi ya tumbaku, ndiye aliyemnunulia. Aliipokea shukrani hiyo pia, huku sisi tukiuma midomo tusicheke.

Mwaka mmoja alisimama mwanamke mnyamavu aliyekaa karibu na korongo. Alisema, "Namshukuru Mungu mume wangu amepata kibarua cha reli Itigi, na leo hayupo nyumbani." Kanisa zima lilicheka. Mwinjilisti hakucheka. Ibada ilipokwisha alimtuma Mama Mwinjilisti amwendee yule mwanamke pembeni. Mama Mwinjilisti alituambia baadaye kwamba aliuona mgongo wake, na kwamba ulikuwa kama ngozi iliyoanikwa na kupigwa fimbo ikiwa bado mbichi.

Mume alirudi likizo, Krismasi ya mwaka uliofuata. Tulikuwa tunapamba kanisa kwa matawi tuliposikia kelele kutoka korongoni. Mwinjilisti alishuka kwenye kiti alichokuwa amepanda, akaenda. Sisi tulimfuata mbio. Tulimkuta mwanaume ameshika mchi wa kutwangia, na mke wake chini, kichwa kimefunguka. Mwinjilisti aliruka uzio wa miiba, akaukamata mchi ule, akautupa, halafu akampiga yule mwanaume kwa ngumi usoni. Alimpiga kimya kimya, kwa zamu, kulia na kushoto, kama mtu anayepiga tofali. Meno yalitoka. Mwanaume alipoanguka, Mwinjilisti alimwinua kwa shati na kumpiga tena. Wanaume watatu walimvuta, wakashindwa, mpaka Mama Mwinjilisti alipomwita kwa jina lake la nyumbani.

Siku ya pili, yaani Krismasi yenyewe, alisimama mbele na mikono iliyovimba. Alisema, "Jana nimempiga mtu nikafurahi. Sistahili kusimama hapa." Alishuka, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, pamoja na waliokuwa wamefungiwa Meza ya Bwana. Alikaa huko Jumapili nyingi. Mzee mmoja wa kanisa alitusomea mahubiri kwa kudonoa herufi, nasi tulisinzia. Yule mwanaume alirudi Itigi mdomo ukiwa umefungwa kitambaa na hakurudi tena kumgusa mke wake. Nilimwuliza Mama Mwinjilisti kama mume wake anajuta.

"Anajuta kwamba alifurahi," alisema. "Kumpiga kwenyewe, sijamsikia akisema anakujutia."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nimekutana na wachungaji waliosoma zaidi na waliokuwa wapole zaidi. Sijakutana na mwingine aliyeogopa dhambi yake namna ile na bado akaifanya.

Wakati wa Ujamaa ulipofika, yeye ndiye aliyetushawishi tuhamie kijiji kipya. Alisema waumini wa kwanza waliishi hivyo hivyo, hakuna aliyeita kitu chochote 'changu', na kwamba serikali imechelewa tu kuyasoma hayo. Wazee walinung'unika kuhusu mashamba yao na makaburi yao. Mwinjilisti alitembea nyumba kwa nyumba. Aliwaambia kijiji kipya kitakuwa kando ya barabara, na zahanati, na bomba, na kwamba tutahama kwa hiari yetu, tukiimba. Alichoomba ni jambo moja: tumalize kupanda, tule Krismasi ya mwisho katika kanisa letu, halafu ndipo twende. Watu wa serikali waliokuja kutuorodhesha walikubali. Walimpa mkono mbele yetu.

Lori lilikuja asubuhi, siku moja kabla ya Krismasi. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri na wanaume wote walikuwa mashambani, Mwinjilisti akiwa katika shamba la kanisa, mbali upande wa mlima. Mgambo walishuka na sululu na mienge. Tembe, zile nyumba za paa la udongo, haziungui upesi, kwa hiyo walizitoboa paa, udongo ukaporomokea vyombo na vihenge. Za nyasi walizichoma. Kanisa lilikuwa la nyasi. Liliwaka kwa sauti kubwa, matawi yetu ya sikukuu yakiwa bado yananing'inia mlangoni.

Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, ninaburuta magunia kuelekea kwenye lori huku mgambo mmoja akinisukuma kwa kitako cha bunduki. Nilimwona kijana mwingine akiingia boma la Mwinjilisti. Nilimfahamu. Alikuwa wa ng'ambo ya korongo, amefundishwa kipaimara na Mwinjilisti huyo huyo, na sauti yake nzuri ilikuwa imetusaidia katika kwaya. Aliuelekeza mwenge kwenye kibanda cha bibi.

Nilipiga kelele, "Kuna mtu humo! Kuna bibi!"

"Wote wametoka!" alinijibu aliyenisukuma.

Mama Mwinjilisti alitokea kisimani akauona ule moshi. Aliangusha mtungi. Aliingia ndani ya moto ule akiwa amejifunika kanga yenye maji, na alipotoka alikuwa na bibi mikononi kama mtoto. Nguo za bibi zilikuwa zimeshikana na mwili. Hakulia. Aliuliza kama Krismasi ni leo au kesho. Walitupakia wote pamoja, na bibi alikata roho juu ya lori, kichwa kikiwa mapajani mwa mkwewe, kabla hatujafika barabara kuu.

Mwinjilisti alitukuta kule jioni, kwa miguu, mwili mzima umejaa tope. Mahali penyewe palikuwa pori lililofyekwa nusu, bila hata kibanda. Aliufunua uso wa mama yake, akautazama, akaufunika. Aliomba jembe. Kaburi ndilo kitu cha kwanza tulichochimba katika kijiji kipya, naye hakumruhusu mtu kumpokea jembe.

Tulimzika asubuhi ya Krismasi, mvua ikinyesha. Baada ya kuzika, Mwinjilisti alisema tubaki pale pale, kwa sababu ni sikukuu na ibada ni lazima. Hakuwa na kitabu, vitabu viliungua. Alituambia habari za horini kwa kichwa. Alipofika pahali mfalme anapotuma askari waue watoto, aliparuka. Kisha akasema, "Sasa shukrani."

Hakusimama mtu. Mvua ilitupiga. Yeye alingoja, macho wazi kama kawaida yake, na ndipo alipomwona kijana wa mgambo nyuma ya watu. Kijana alikuwa ameivua kofia na kuishika kifuani. Naamini alikuja kusali. Siku zote Krismasi alikuwa nasi, na labda hakujua pa kwenda pengine.

Mwanamke mmoja akasema, "Ni huyu."

Mwinjilisti alimfikia kijana kabla ya mtu yeyote kunyanyua mguu. Alimkamata kijana kwa koo, akamtupa kwenye tope karibu na kaburi, akampiga. Safari hii hakuwa kimya. Alikuwa akitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Aliukamata mkono wa kulia wa kijana, akauweka juu ya goti lake, akauvunja. Tuliusikia. Kijana aliita, "Mwinjilisti! Mwinjilisti!" kama vile anaomba msaada kwa mtu mwingine.

Hapo ndipo wengine walipopata nguvu. Wanaume walichukua majembe yaliyochimba kaburi. Wanawake waliokota mawe, nami niliyaona mawe yale, makubwa, na niliwajua wanawake wale; nilikuwa nimeimba nao. Jiwe la kwanza lilimpata kijana kifuani. Mwinjilisti aliinua kichwa, akatutazama, mmoja mmoja. Kisha akajilaza juu ya kijana, mwili mzima, akamfunika.

"Nimempiga mimi!" alipiga kelele. "Inatosha!"

Mawe hayakukoma papo hapo. Mtu aliyekwisha rusha jiwe hawezi kulirudisha. Yalimpiga mgongoni, mbavuni, na moja likampasua jicho la kulia. Mama Mwinjilisti alikwenda akasimama mbele yao, mikono yake yenye malengelenge ya moto imetanuliwa, akisema tu, "Jamani. Jamani." Ndipo tulipoacha.

Mwinjilisti aliinuka taratibu. Kijana alikuwa hai, anatapika. Damu ya jicho ilikuwa ikitiririka pamoja na mvua kwenye shati la mazishi. Tulidhani ataanguka. Lakini alisimama pale alipokuwa amesimama mwanzo, kwenye udongo wa mama yake, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Bwana, nilitaka kuua. Sikuua. Nakushukuru kwa hilo. Leo sina lingine."

Mgambo wenzake walikuja wakamchukua kijana, na wakamchukua Mwinjilisti pia. Walimweka ndani mpaka mtama ulipofika magotini. Alirudi na jicho moja, akajenga kanisa jipya kwa miti ya pori lile, na hakuhubiri tena kuhusu waumini wa kwanza na mali yao. Hakuusema vibaya Ujamaa pia. Alilima zamu yake katika shamba la kijiji kwa bidii kuliko wote. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba bomba limekuja kweli.

Mara moja alikuja mchungaji mgeni kutuhubiria wakati wa Krismasi. Alituambia Mkristo wa kweli humshukuru Mungu kwa yote, mazuri na mabaya, hata kwa misiba, maana yote yatoka kwake. Mwinjilisti alisimama katikati ya mahubiri, jambo ambalo halifanywi.

"Kwa yote, hapana," alisema. "Katikati ya yote, ndiyo. Mimi sitamshukuru Mungu kwa moto ule, na sidhani anangoja nifanye hivyo. Mtu aliyemchoma mama yangu si Mungu."

Mchungaji aliwaka kwa hasira. Lakini wapo kati yetu waliolia kwa nafuu, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu mwaka ule nilikuwa nimezika mtoto na nilikuwa nikijilazimisha kusema asante kwa jambo ambalo roho ilikataa. Siku hiyo nilisimama nikashukuru kwamba mtoto wangu alikuwa ameshajifunza kucheka kabla hajaondoka. Mwinjilisti alisema, "Nimeipokea."

Baadaye tulihamia Singida mjini kwa kazi ya mume wangu. Miaka ilipita bila mimi kumwona. Mara ya mwisho nilimwendea wiki ya Krismasi, baada ya kusikia kwamba miguu yake haimwinui tena. Nilimkuta mchana, amekaa kivulini nje ya nyumba, amepungua, koti linamning'inia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaogopa damu?"

Tulicheka. Mama Mwinjilisti alikuwa jikoni akisonga ugali. Kabla sijauliza habari za ugonjwa, mwanaume mmoja aliingia uani. Alikuwa na mvi chache na mkono wa kulia uliokaa vibaya, kiwiko kimeelekea nje. Nilimtambua kwa mkono huo.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

Mwinjilisti hakuitikia. Alimtazama kwa jicho lake moja muda mrefu, kisha akasema, "Kaa."

Mwanaume alikaa chini, hakuchukua kigoda. Alisema anataka kurudi kanisani, na kwamba mchungaji wa mtaa amemwambia aanzie hapa. Alisema wakati ule walikuwa vijana, walipewa amri, na amri ilikuwa amri.

"Amri sikuulizi," alisema Mwinjilisti. "Ulifanya nini?"

"Nilichoma nyumba."

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

"Ulijua yumo?"

Jikoni mwiko ulinyamaza. Mwanaume aliangalia chini.

"Alisikia miguu yangu," alisema. "Akauliza, 'Ni nani?' Mara mbili aliuliza. Niliogopa wenzangu wataniona mwoga. Sikumjibu."

Mwinjilisti alijaribu kusimama. Miguu ilikataa. Alijaribu tena, ameshika ukuta, mishipa ya shingo imesimama, na katika uso wake nilimwona yule yule wa kando ya kaburi. Mwanaume aliona pia. Hakukimbia. Aliinamisha kichwa na kungoja.

Mwishowe Mwinjilisti alirudi ukutani, akihema. Mama Mwinjilisti alitoka na ugali na bakuli la mlenda, akaviweka katikati yetu, akamletea kila mtu maji ya kunawa, akianza na mgeni. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta.

"Kula na sisi," Mwinjilisti alimwambia. "Sijakusamehe. Lakini umesema kweli, na ni saa ya kula."

Kisha alisali, jicho likiwa wazi, limemkazia yule mwanaume.

"Bwana, asante kwa ugali huu. Asante kwa mke wangu aliyeusonga. Asante kwa binti huyu aliyekuja toka mjini. Na huyu mwingine uliyemleta, kwake bado sijui nikuambie nini. Nisubiri. Nitakuambia."

Yule mwanaume ndiye aliyeitikia kwanza, kwa sauti ile nzuri ya kwaya iliyokuwa imezeeka.

"Amina."

Mwinjilisti alimega tonge, akausogeza ugali upande wa mgeni, mahali ambapo mkono wake wa kushoto ungeufikia.